Kasuku Aliyeshonwa Juu ya Kinu

Tarehe tisa mwezi wa saba mwaka 1996 nilimpoteza mke wangu, Minza. Miezi minne kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepoteza kazi. Ninyi vijana mliofungua maduka ya dawa za mifugo pale Bariadi mnakuja kuniuliza habari za josho, na mimi nawajibu nusunusu, kwa sababu kila nikianza habari za kazi nafika kwa Minza, na nikifika kwa Minza nafika kwa yule kasuku wake. Basi leo nayaandika yote pamoja. Shule niliishia darasa la saba. Mtanivumilia.

Msibani watu waliniuliza mke wangu alikwendaje. Nikasema alifia mikononi mwangu. Nitarudi hapo.

Nilikuwa mhudumu wa josho la Sapiwi kwa miaka kumi na tisa. Mhudumu si daktari. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya dawa ya kupe, kupima kina cha maji, kusukuma ng'ombe waingie na kuokoa ndama wanaotaka kuzama. Aliyenifundisha ni Mzee Ng'wandu, msimamizi wetu, mtu mfupi mwenye fimbo ya kupimia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Fimbo ilikuwa na alama alizozichonga kwa kisu. Unaizamisha joshoni, unaangalia maji yamefika alama ipi, ndipo unajua dawa ya kuongeza.

Siku moja mzee hayupo, na fimbo kaondoka nayo. Nikaona aibu kuwarudisha watu waliotembea na mifugo tangu alfajiri. Nikapima kwa macho. Ng'ombe walipotoka upande wa pili walikuwa wanatembea kiubavu, mmoja akaenda kuegemea mti. Mzee Ng'wandu akatokea wakati huohuo.

"Maduhu," akaniuliza, "leo umewaogesha au umewapa pombe?"

Nilimwaga ndoo za maji juu ya migongo ya ng'ombe hadi jua likageuka. Hakufa hata mmoja. Mzee hakunipeleka kwa wakubwa. Alisema tu kwamba dawa haina macho, haijui nani ni kupe na nani ni ng'ombe, inajua kipimo tu. Nililisikia hilo kwa masikio. Kulielewa ilinichukua miaka kumi na mitano mingine.

Mzee alinifundisha pia kutengeneza dawa ya kupaka. Ng'ombe akichubuliwa na nira, au pembe ikivunjika, nzi wanataga na baada ya siku mbili kidonda kinajaa funza. Sisi tulichukua grisi, tukaichanganya na dawa ya josho kidogo kwenye kopo la maziwa, tukapaka kuzunguka kidonda. Nzi hawasogei. Nilizunguka na kopo lile kwenye baiskeli yangu, na mkono wangu ulizoea kwenda kwenye kopo kabla kichwa hakijafikiri. Hilo likumbukeni.

Kisha likaja soko huria. Mnalijua kwa kusoma, sisi tuliliona likiingia. Pamba iliyokuwa inanunuliwa na chama cha ushirika peke yake ikaanza kununuliwa na kampuni tano, kila moja na mzani wake chini ya mti wake. Dawa ya josho ikawa ya kununua, na wanakijiji wakaambiwa josho ni lenu sasa. Walichanga mara mbili. Mara ya tatu josho likakauka, vyura wakaingia. Bwana mifugo wa kata alipunguzwa kazini siku moja na mimi, akaenda Nyashimo kuuza sabuni. Nyumba yake ilibaki imefungwa, bati moja limelegea, upepo ukivuma linagonga kama mtu anayebisha hodi kutokea ndani.

Na soko huria ndilo lililomleta kasuku. Dereva wa lori la pamba, mtu wa Bukoba, alikuwa naye kwenye boksi. Ndege alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, macho yamezungukwa na weupe kama mtu ambaye hajalala. Dereva alikuwa anahamishiwa mbali na hakutaka kwenda naye. Akamwachia Minza, kwa kuwa Minza ndiye aliyempa maji ya kunywa.

Nilimtengenezea kizimba kwa nyaya zile za kufungia marobota ya pamba. Mlango nikaufunga kwa spoku ya baiskeli, unaipinda mara mbili. Halafu nikampunguza manyoya ya bawa moja asiruke. Nilidhani nafanya jambo la busara. Kuhusu hilo nalo nitawaambia.

Minza alikuwa mgonjwa wa kifua. Alitibiwa Bariadi, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Alipokuwa hawezi tena kwenda shamba alilala chumba cha mbele, kizimba kikiwa kimening'inia dirishani, na ndege akawa mwenzake wa kutwa. Mimi baada ya kupunguzwa kazini nilizunguka vijijini na baiskeli, natibu mifugo ya watu. Mtoto wetu Shija alikuwa Mwanza kwenye kazi. Kwa hiyo mchana kutwa walikuwa wawili tu, Minza na kasuku. Minza akiwa hai, ndege yule hakusema neno. Alipiga mluzi tu, ule ninaoitia ng'ombe.

Siku ya kumi na moja baada ya mazishi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua kunde, saa kumi hivi. Kutoka chumba cha mbele nikasikia:

"Baba Shija. Maji yamechemka."

Ilikuwa sauti ya Minza. Sisemi ilifanana nayo. Nilisimama, kunde zikamwagika, nikasema, "Nakuja." Nilikuwa nimeshafika katikati ya chumba ndipo nikakumbuka. Kitanda kilikuwa wazi, godoro tulishalitoa. Kasuku aliniangalia kwa jicho moja. Akakohoa mara tatu. Mbili za haraka, kisha kimya kidogo, kisha ya tatu nzito, inayotoka chini. Ndivyo Minza alivyokohoa miaka miwili.

Tangu siku hiyo kila alasiri alisema hivyohivyo, na kila alasiri alikohoa. Aliita kwa sauti ya juu, ile ambayo mwanamke anaitumia kumwita mtu aliye kisimani.

Kuna watu wanaojua ndege, wameniambia ndivyo walivyo: wanasikia, wanakaa nalo, siku moja wanalitoa. Naamini. Lakini jirani yetu, Mama Kabula, alikuwa Nyashimo miezi mitatu kwa binti yake aliyejifungua, na habari za msiba hazikumfikia. Aliporudi alipita kwangu moja kwa moja. Nilimkuta anatoka getini.

"Mwadila, Baba Shija," akanisalimu salamu ya mchana.

"Mwadila, mhola?"

"Mhola. Nimekaa sana na mwenzako hapo sebuleni, hataki kutoka chumbani. Anasema anachemsha maji. Kile kikohozi bado, eh? Mpeleke tena Bariadi."

Sikupata namna nzuri ya kumwambia. Nilimwonyesha kwa kidole upande wa mihogo, pale kaburi lilipo, udongo bado mwekundu. Aliangalia kaburi, akaangalia dirisha. Aliacha ndoo yake kwangu, na hajaifuata mpaka leo.

Wazee walisema ni masamva, mizimu ya ukoo, nimtafute mganga. Katekista alisema nimwombee, hakufafanua nimwombee nani, Minza au ndege. Mimi sikutaka mganga wala sala ya kumnyamazisha. Ya Minza nilikuwa na picha moja ndogo ya kitambulisho, na kwenye picha hiyo amefumba macho. Sauti ndiyo iliyokuwa imebaki. Wengine walipata kinyaa na ndege yule. Mimi nilirudi nyumbani mapema nimsikilize.

Mwezi wa tisa mama mkwe wangu akaja kutoka Lingeka kuona kaburi na kupanga vitu vya bintiye. Hapa niwaeleze jambo ambalo ninyi mnalichukulia kwa mzaha. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawagusani, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Miaka ishirini na mbili ya ndoa sikuwahi kumwona uso. Nilijua miguu yake, kivuli chake, na sauti yake yenye upepo kidogo kwa sababu ya jino la mbele lililong'oka. Kwa kawaida maneno yetu alikuwa anayapitisha Minza. Sasa Minza hayupo, na nyumbani tulikuwa wawili. Mama mkwe, ambaye kwa ajili ya Shija namwita bibi, akapata dawa yake. Alikaa jikoni, lile jiko la nje, na akitaka kuniambia neno alikiambia kinu kilichokuwa mlangoni.

"Wewe kinu, mwambie mkwe wangu chumvi imekwisha."

Nami najibu nikiwa nimeupa mlango mgongo, "Wewe kinu, mwambie mama nitaileta."

Tulicheka kila mtu upande wake siku ya kwanza. Kisha ikafika saa kumi, na ndege akaita, akakohoa.  Moto wa jikoni niliusikia unalia.

"Wewe kinu," akasema baadaye, "mwambie mkwe wangu mwanangu bado yumo humu ndani."

"Mwambie mama ni ndege tu. Anaiga."

"Muulize, ndege huyo anakohoa kwa kifua cha nani?"

 Siku tatu zilizofuata bibi hakula mchana. Saa kumi ikikaribia alikuwa anajifunika khanga kichwani hadi magotini, anakaa hivyo.

Siku ya tano nilikuwa nyuma ya nyumba narekebisha mnyororo wa baiskeli nikasikia kuku wanapiga kelele ya mwewe. Ni kelele ya aina yake, mfugaji haikosei. Nikazunguka mbio. Kasuku alikuwa hewani, juu ya uwanja, anaruka kwa kuinama upande mmoja kwa sababu ya lile bawa nililolikata. Ndege mwenye mabawa mawili angefika kwenye miembe. Huyu alizunguka tu kama jani, na mwewe akamchukua mbele ya macho yangu. Nilipiga kelele, nikatupa pampu ya baiskeli. Mwewe akaachia. Kasuku akaanguka kwenye majivu.

Nilipomwokota, mkono wangu uliingia kwenye damu ya moto. Kifua kimechanika chini ya shingo, kipande cha ngozi kimening'inia. Nikamkimbiza barazani. Pale dirishani kizimba kilikuwa wazi, na ile spoku ilikuwa imetundikwa vizuri kwenye msumari wake. Mimi nikifungua kizimba huwa naitupa chini. Aliyekuwa akiitundika kwenye msumari ni Minza. Niliiona spoku ile, lakini damu ilikuwa inatoka, nikaacha kufikiri.

Sasa vijana, sikilizeni nilichofanya vizuri na nilichoharibu. Nilichofanya vizuri ni kukandamiza. Ndege ana damu kidogo sana. Bonyeza kitambaa safi juu ya jeraha na usikiinue kila mara kuchungulia. Usitumie pamba mbichi ya shambani, ingawa hapa kwetu imejaa kila kona, nyuzi zake zinaingia kidondani na hazitoki. Na usimbane kifua. Ndege anapumua kwa kuinua kifua, ukikishikilia kwa nguvu unamnyonga huku unajiona unamtibu. Shika mabawa na miguu, acha kifua huru.

Damu ikapungua. Nzi wakaanza kuja. Na mkono wangu ukaenda kwenye kopo.

Nilimpaka ile grisi yenye dawa ya josho, kuzunguka jeraha lote, kama nilivyowapaka ng'ombe mia ngapi sijui. Ng'ombe mmoja ana uzito wa magunia kadhaa. Kasuku hafiki uzito wa nusu kilo ya unga. Haukupita muda mrefu akaanza kutetemeka, si kutetemeka kwa hofu, mwili mzima, na udenda ukamtoka mdomoni. Manyoya yaliyoingia grisi yakagandana, nikaona ngozi yake tupu, ya waridi. Nikakumbuka wale ng'ombe wanaotembea kiubavu. 

"Wewe kinu." Sauti ilikuwa karibu, bibi alikuwa amesogea hadi kwenye kona ya nyumba. "Muulize mkwe wangu hiyo harufu ni ya nini."

"Mwambie mama nimempaka dawa ya ng'ombe."

"Mwambie mkwe wangu ni mjinga."

"Mwambie mama najua."

"Mwambie maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Aoshe upesi, na asimwage maji kwenye pua ya ndege. Mwambie kuku wangu mmoja alikufa hivyohivyo, na mjinga siku hiyo nilikuwa mimi."

Niliosha mara tatu. Sabuni, maji safi, tena sabuni. Nikamkausha kwa shuka kuukuu, nikajaza chupa maji ya moto, nikaifunga kitambaa na kumlaza pembeni yake, maana ndege aliyelowa anakufa kwa baridi hata jua likiwaka. Kutetemeka kukapungua. Nikampa uji mwepesi kwa kijiko, matone machache. Uji ukaingia mdomoni na ukatokea kifuani.

Ndege ana mfuko chini ya shingo wa kuwekea chakula kabla hakijashuka, wengine wanauita gole. Kucha ya mwewe ilikuwa imepasua ngozi na mfuko pamoja. Ndege wa namna hiyo anaweza kula kutwa na akafa njaa. Kwa ng'ombe wangu sikuwahi kushona kitu. Nikakiambia kinu kilichotokea.

Bibi alikuwa bado kwenye kona ya nyumba.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "mimi kuku nimewashona wengi. Lakini mikono inatakiwa minne."

Mikono minne ilikuwa yake na yangu. Nyumba ya Mama Kabula haikuwa mbali, lakini Mama Kabula asingekuja kumshika ndege yule hata kwa ng'ombe mzima. Bibi alijua hilo. Akatoa amri kupitia kinu na mimi nikazifuata. Nilichemsha sindano ya nguo na uzi mweupe kutoka kikapu cha Minza. Nilichemsha maji ya chumvi kidogo, nikayaacha yapoe. Nikanawa hadi viwikoni. Kisha nikatundika khanga ya Minza kwenye mlango wa jiko, nikakigeuza kinu chini juu na kukiweka palepale kizingitini, khanga ikaangukia katikati yake.

Bibi alihitaji mwanga, kwa hiyo alikaa nje. Mimi nikaingia gizani jikoni, nikapitisha mikono chini ya khanga na kumlaza ndege juu ya kinu, kichwa chake kimefunikwa kitambaa ili atulie. Mikono yangu ilikuwa juani na mimi mwenyewe gizani. Sikuona kitu isipokuwa kivuli cha bibi kwenye khanga, kikiinama.

Alianza na mfuko. Mfuko unashonwa peke yake, na ngozi peke yake. Mkiunganisha vyote kwa uzi mmoja vinashikana na havifanyi kazi tena. Alinong'ona hesabu kwa Kisukuma, mshono mmoja baada ya mwingine. Nilihisi kila sindano ikiingia kwa jinsi miguu ya ndege ilivyokaza vidole vyangu. Alipoanza ngozi, ndege akakohoa.

Alikohoa mara mbili za haraka. Kimya kidogo. Kisha ile ya tatu.

Kivuli kilisimama. Hapakuwa na mtu mwingine pale, na Minza alikuwa kati yetu juu ya kinu, chini ya khanga yake mwenyewe. Sielezi zaidi kwa sababu sijui zaidi. Nilitaka kuvuta mikono na sikuweza, ningemwangusha.

"Vumilia, mayu," bibi akasema. Mayu ni mama, na ndivyo mama wa kwetu anavyomwita bintiye akimbembeleza. Hakukiambia kinu. "Vumilia, tunamaliza."

Sindano ikaendelea. Mahali fulani vidole vyake viligusa vyangu, vilikuwa baridi na vina sabuni. Ilikuwa mara ya kwanza.

Siku zilizofuata ndege alilala kwenye tenga jikoni, giza, joto, mbali na moshi. Bibi ndiye aliyemlisha, uji mwepesi kijiko kimoja cha chai kila baada ya muda, asimjaze mfuko ukapasua mishono. Mimi nilisafisha kidonda kwa maji ya chumvi na sikuweka kitu kingine chochote. Usiweke mafuta, usiweke grisi. Kama leo kuna daktari mnayeweza kumfikia, mpelekeeni, msinifanye mimi mwalimu. Kasuku yule alipona kwa bahati na kwa mkono wa mama mmoja wa Lingeka. Mara kadhaa mchana nilipopita nilimsikia bibi akinong'ona ndani ya tenga. Nilidhani anasali, nikapita kwa hatua ndogo.

Baada ya siku kumi akakata nyuzi. Mvua za kupanda zilipoanza akarudi kwao. Kinu nikakiacha mlangoni.

Ndege alikuwa mzima, anakula karanga, manyoya yameota, na lile bawa sikulikata tena. Lakini hakuita. Saa kumi inafika, inapita. Nilikaa karibu na kizimba mwezi Oktoba wote na Novemba yote. Nilimwambia mimi mwenyewe maneno yale, "Baba Shija, maji yamechemka," nikijisikia mpumbavu. Alikuwa ananitazama kwa lile jicho. Kikohozi tu ndicho kilichobaki, mara mojamoja.

Mwezi Desemba, mvua imekatika, niko barazani, akasema. Sauti haikuwa ya Minza. Ilikuwa na upepo wa jino lililong'oka.

"Ni mimi niliyekufungulia, mayu. Mbona umerudi?"

Alisema mara mbili, kwa kunong'ona. Nilikaa chini. Nikaiangalia ile spoku kwenye msumari. Kutundika vitu Minza alijifunza kwa mama yake.

Sikumwambia mtu. Sikupeleka ujumbe Lingeka.

Mwaka uliofuata, Julai, bibi alikuja kwa kumbukumbu ya Minza. Wageni walipoondoka tulibaki kama zamani, yeye ndani ya jiko nyuma ya khanga, mimi nje na mgongo wangu, kinu katikati, na chai. Kizimba nilikuwa nimekitundika kwenye boriti ya baraza, hatua chache kutoka hapo. Jua lilikuwa limeinama.

"Ni mimi niliyekufungulia, mayu," ndege akasema. "Mbona umerudi?"

Ndani ya jiko kikombe kiliwekwa chini. Kuku waliendelea kuchakura. 

"Wewe kinu," bibi akasema, "muulize mkwe wangu hayo ameyasikia lini."

"Mwambie mama tangu Desemba."

"Muulize kwa nini alikaa kimya."

Nikaangalia upande wa mihogo. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshakuwa na rangi ya udongo mwingine.

"Wewe kinu, mwambie mama mimi nina langu. Mwambie Minza hakufia mikononi mwangu. Nilikuwa kijiji cha pili, natibu dume la mtu. Niliporudi jioni alikuwa ameshapoa. Msibani nilidanganya."

Khanga haikutikisika.

"Mwambie mkwe wangu najua," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilipomsikia huyo ndege. Mtu hamwiti aliye karibu yake kwa sauti ile."

Miezi miwili ya mwisho Minza hakuwa na nguvu ya kuwasha moto. Maji hayakuwepo jikoni, alikuwa ananiita tu. Nilikuwa nimelijua hilo muda wote, na sikuwahi kuliweka kwa maneno hata kichwani mwangu. Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili.

Kwenye kizimba ndege akakohoa. Mara mbili, za haraka. Kisha kimya kidogo.

Bibi aliacha kunywa. Mimi niliacha kunywa. Tulikaa hivyo, yeye upande wake wa khanga na mimi upande wangu, tukisubiri ya tatu, hadi chai ikapoa na kuku wakaingia bandani.